Mkristo na Hadithi za Mambo Yasiyokuwepo

Katika sura ya 9 ya kitabu cha Waamuzi, miti inatoka kwenda kutafuta mfalme. Inauendea mzeituni, mzeituni unakataa. Inauendea mtini, nao hauko tayari kuacha utamu wake. Inauendea mzabibu, jibu ni lile lile. Mwishowe inauomba mti wa miiba, na mti wa miiba, ambao kivuli chake hakimtoshi hata kuku, unaikaribisha miti yote ije ipumzike chini yake. Anayesimulia ni Yothamu, mtoto wa mwisho wa Gideoni. Amesimama juu ya mlima Gerizimu, na walio chini ni watu wa Shekemu waliotoka kumtawaza Abimeleki, mtu aliyewaua ndugu zake sabini. Akimaliza kusimulia anakimbia kuokoa maisha yake.

Hatusomi kwamba mtu yeyote wa Shekemu aliuliza miti imeanza lini kusema. Walielewa vizuri sana. Kama wasingeelewa, Yothamu asingekuwa na haja ya kukimbia. Huwa nafikiri kwamba kama Yothamu angezaliwa Masasi angeanza na mkorosho, na mkorosho ungejibu kwamba msimu umekaribia, hauna nafasi ya kukalia kiti.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ya swali lililoulizwa usharikani kwetu Lupaso. Sisi Walutheri ni wachache hapa. Masasi walitangulia Waanglikana tangu 1876, na Ndanda Wabenediktini tangu 1906, na wageni wengi wanaofika Lupaso hawaji kututafuta sisi, wanakuja kuona kaburi la Mzee Mkapa. Lakini tuna kabati la vitabu ofisini, na ndani yake, pamoja na Katekisimu na vitabu vya mafundisho, kuna riwaya. Mzee mmoja wa kanisa alimkuta mjukuu wake wa darasa la kipaimara akisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Akafungua ukurasa, akakuta jini. Akafungua mwingine, akakuta watu waliogeuzwa manyani. Akaja nacho mkononi.

“Mchungaji,” akaniambia, “mimi nilitoka huko. Hirizi zangu nilizichoma mwenyewe, kwa mkono huu, mbele ya watu. Leo mjukuu wangu anarudishwa huko kwa kitabu cha kanisa?”

Siwezi kulichukua swali hilo kama ushamba wa mtu asiyezoea vitabu. Mzee huyu analipa gharama ya imani yake kuliko wengi wetu. Aliporudisha nyuma mambo ya mizimu, nusu ya ukoo ilimsusa, na mtoto alipougua waliomlaumu walikuwa tayari mlangoni. Kwake jini si neno la fasihi. Ndiyo maana sikumjibu siku ile ile. Ninayoandika hapa ni mawazo yaliyotokana na swali lake, na najua yapo mashariki mengine na sharika nyingine ambako swali kama hilo limeulizwa na kujibiwa kwa kufunga kabati.

Ndani ya swali hilo kuna maswali mawili, na ni vema kuyatenganisha. La kwanza: je, hadithi ya kubuni ni uongo? La pili: hata kama si uongo, je, kusoma habari za majini, mizimu, sayari zisizokuwepo na wafu waliofufuka ni kumfungulia mlango adui?

La kwanza ni jepesi zaidi. Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani yetu uongo, na Luther katika Katekisimu Ndogo anaeleza kwamba maana yake ni kutomsingizia jirani, kutomsaliti, kutomharibia jina, bali kumtetea na kuyatafsiri mambo yake kwa wema. Angalia basi mwenye kudhulumiwa na uongo ni nani. Ni jirani. Uongo unahitaji mtu wa kudanganywa na mara nyingi mtu wa kuumizwa. Sasa bibi anayesimulia habari za sungura na fisi jioni, anamdanganya nani? Kabla hajaanza anasema, “Paukwa!” na watoto wanaitika, “Pakawa!” Hapo mlango umefunguliwa na wote wameingia wakijua wanakoingia. Hakuna mtoto wa miaka mitano atakayekwenda asubuhi kumdai sungura deni la fisi. Riwaya nayo ina paukwa yake. Iko juu ya jalada, imeandikwa “riwaya” au “hadithi”, na jina la aliyeitunga lipo pale wazi. Aliyetunga anakiri kwamba ametunga.

Nathani naye alipomwendea Daudi na habari za tajiri aliyechinja mwanakondoo wa maskini, alificha mlango kwa muda, akaufungua mwishoni kwa kumwambia mfalme kwamba mtu huyo ni wewe. Hilo ni jambo la hatari zaidi, na nabii peke yake ndiye aliyethubutu. Lakini hata yeye hakumwacha Daudi aende kulala akiamini kwamba yuko tajiri wa namna hiyo katika mtaa fulani wa Yerusalemu. Na Bwana wetu alizungumza kwa mifano, akatuonyesha tajiri na Lazaro wakiwa ng'ambo ya kaburi, wakiwa na shimo kubwa kati yao, wakiongea. Mwenye kuogopa hadithi zinazovuka mpaka wa yanayoonekana, aanze kwa kunieleza Luka 16.

Swali la pili ndilo la mzee, na hapo sitaki kwenda haraka.

Adili na Nduguze ilitoka 1952. Wasomi wameonyesha kwamba kiini chake kilitoka katika Alfu Lela U Lela, ila Shaaban Robert amekifanya kuwa cha kwake. Adili ni liwali wa Janibu chini ya Rai, mfalme wa Ughaibuni. Ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, na majina yao yanatosha kuwaeleza. Aliwalisha, akawapa mtaji, akawasamehe, nao wakamtupa baharini. Aliyemwokoa ni Huria, jini ambaye zamani Adili alimwokoa yeye. Huria alitaka kuwaua wale ndugu. Adili akawaombea uhai. Basi akawageuza kuwa manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Na Adili anafanya hivyo. Mchana ni liwali mwenye haki anayependwa na watu. Usiku anashuka kwenye chumba cha wale manyani na mjeledi, anawapiga huku analia, kisha anawalisha kwa mkono wake.

Nilisoma kitabu hiki shuleni kama kila mtu, ili kujibu mtihani. Nilikisoma tena nikiwa mchungaji, na safari hii sikuweza kukipita kile chumba cha usiku. Hivi ni nyumba ngapi ninazoingia zenye chumba hicho? Mama ambaye kila Jumapili anashiriki Meza ya Bwana na kila usiku anamchapa mumewe aliyekufa kwa maneno, kwa ajili ya kosa la 1998. Ndugu wawili ambao kesi ya shamba la mikorosho iliamuliwa zamani na bado kila msimu wanapigana upya mioyoni. Wanampiga ndugu, wanalia, wanampelekea chakula akiugua, kesho wanampiga tena. Hawafanyi hivyo kwa ukatili. Wanafanya kwa sababu haki inadai, na haki haijui kusema “imetosha”. Sisi Walutheri tuna jina la jambo hilo, tunaliita Sheria. Tunafundishwa chuoni kutofautisha Sheria na Injili, na nilipata alama nzuri katika somo hilo. Lakini picha ya mtu mwema anayelia na mjeledi mkononi, akitii amri ambayo hawezi kuibatilisha, sikuipata katika kitabu chochote cha dogmatiki. Niliipata kwa Shaaban Robert, ambaye alikuwa Mwislamu na hakuwa na nia ya kumsaidia mchungaji wa Kilutheri kuhubiri juu ya Wagalatia.

Na jini je? Msomaji akifuatilia hadi mwisho ataona kwamba majini ya kitabu hiki hayatishi wala hayaabudiwi. Ikibali, mtumishi wa mfalme, anaona yanayotendeka usiku na kumwarifu bwana wake. Mfalme Rai anaandika barua kwa mfalme wa majini kuwaombea wale ndugu, na majini wanalisikiliza ombi la mwanadamu. Katika masimulizi ya Alfu Lela ndugu wanarudia uovu wao na kumuua ndugu yao. Shaaban Robert hakutaka mwisho huo; aliwaacha wabadilike. Nadhani alijua kwamba mwisho wa Alfu Lela unafanana zaidi na dunia tunayoiona. Akachagua hata hivyo.

Huku kwetu tuna mfano mwingine wa jambo hili. Miaka ya 1950 Mmakonde aitwaye Samaki Likankoa alianza kuchonga mpingo kwa mtindo unaoitwa shetani: viumbe wenye jicho moja, masikio ya kunyooka, miguu iliyopindana. Wakristo wengi hawataki sanamu hizo nyumbani, na siwalazimishi. Lakini hofu iliyochongwa imeshikika. Unaweza kuizunguka ukaitazama kisogoni, unaweza kuiweka juu ya meza na kuipangusa vumbi. Hofu isiyochongwa, isiyosimuliwa, ndiyo inayomiliki nyumba.

Hapo ndipo nafika kwenye kitu kinachonifanya niandike.

Kuanzia 1990 na katika miaka kama kumi na tano iliyofuata, simba waliua watu zaidi ya 560 nchini Tanzania, na sehemu iliyoathirika sana ilikuwa huku kusini, Lindi na Mtwara. Watafiti walioifuatilia habari hiyo walieleza jinsi inavyotokea. Msituni wanyama wa kuwindwa wamepungua. Nguruwe pori wanafuata mashamba wakati wa mavuno, na simba wanafuata nguruwe pori. Mkulima naye, ili kulinda chakula chake, analala shambani kwenye kibanda cha nyasi. Simba aliyemkosa nguruwe anamkuta mtu. Ni maelezo ya kusikitisha, na yanafunguka kwa dawa: walinde wanaolala mashambani, punguza nguruwe pori.

Lakini maelezo yaliyotembea vijijini yalikuwa mengine. Kwamba huyu si simba wa kweli, ni simba wa kutumwa. Kwamba fulani amemtengeneza. Ng'ambo ya Ruvuma, katika wilaya ya Muidumbe huko Msumbiji, kwa Wamakonde wenzetu, simba waliua makumi ya watu mwaka 2002 na 2003. Na watu wengine zaidi ya kumi hawakuuawa na simba. Waliuawa na majirani zao, kwa kudhaniwa kwamba ndio wenye simba.

Hiyo nayo ni hadithi ya mambo yasiyokuwepo. Ina viumbe wa ajabu, ina nguvu za giza, ina mashujaa na maadui. Kama ingeandikwa na kufungwa ndani ya jalada, watu wangeisoma hadi usiku wa manane. Tofauti yake ni moja tu: haina paukwa. Hakuna aliyesimama mlangoni na kukiri kwamba ameitunga. Haina mtunzi, ina “wanasema”. Na kwa kuwa haina mlango wa kuingilia, haina mlango wa kutokea pia. Watu wanaamka asubuhi bado wamo ndani yake, na panga mkononi. Ukivunja Amri ya Nane kwa namna hiyo, ya Tano inafuata siku hiyo hiyo. Sheria ya Uchawi ya nchi yetu, iliyoanza 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini sheria haiwezi kukaa katika kila kijiwe cha kahawa.

Nimewahi kuketi usiku kucha katika nyumba ya bibi mmoja, mjane, jina lake lilikuwa limeanza kutajwa baada ya vifo viwili vya watoto. Nilikaa na mwinjilisti na mama mmoja wa umoja wa wanawake, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Hakuna aliyekuja. Asubuhi bibi yule alinipikia uji na kuniuliza kama na mimi naamini. Nilimwambia siamini. Aliniangalia kwa muda, kisha akasema, “Mimi wakati mwingine naanza kuamini.” Alikuwa amesimuliwa hadithi yake na watu wengi kiasi kwamba alianza kuingia ndani yake mwenyewe.

Kwa hiyo mzee wangu anapouliza kama kusoma habari za jini kunamrudisha mtoto kule, jibu langu ni kwamba huenda kunamtoa. Mtoto aliyezoea kuingia na kutoka katika hadithi, aliyejifunza kuuliza “Nani ametunga? Kwa nini ametunga hivi?”, siku atakapoletewa ile isiyo na mtunzi atakuwa na swali mdomoni. Sina takwimu za kuthibitisha hilo. Nina watoto kadhaa wa kipaimara ambao nimewasikia wakiuliza.

Chuoni Makumira nilikuta katika maktaba kitabu cha kwanza cha Narnia, cha C. S. Lewis, kilichotoka 1950. Lewis alikuwa Mwanglikana, mwalimu wa Oxford. Katika kitabu hicho watoto wanaingia kabatini na kutokea katika nchi nyingine yenye theluji, na mwokozi wa nchi hiyo ni simba aitwaye Aslan, neno la Kituruki lenye maana ya simba. Simba huyo anajitoa kufa badala ya mtoto mmoja, Edmund, aliyewauza ndugu zake kwa peremende. Wenzangu wa Kilimanjaro waliokisoma walikisifu. Mimi nilikifunga nilipofika mahali watoto wanamwegemea yule simba na kushika manyoya yake. Mwili ulinisisimka. Kwa mtu wa Dar es Salaam simba ni timu ya mpira. Kwetu ni jina ambalo watu wazima hawalitaji usiku.

Nilirudi kwenye kitabu baadaye, na mpaka leo nasoma sehemu hiyo kwa shida. Nimejifunza kitu hapo hata hivyo: picha inayomfariji mtoto wa Uingereza inaweza kumtisha mtoto wa Newala, na mwandishi hana kosa. Ila iliniongoza kwenye Ufunuo sura ya 5, ambayo nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuiona. Yohana analia kwa kuwa hakuna anayeweza kukifungua kitabu. Mmoja wa wazee anamwambia asilie, kwani Simba wa kabila la Yuda ameshinda. Yohana anageuka kumtazama huyo simba, na anachokiona ni Mwanakondoo, tena kama aliyechinjwa. Aliambiwa simba, akaona aliyeliwa. Nimehubiri juu ya fungu hilo katika mtaa ambao watu wake walizika mtu aliyekufa kwa simba, na sikuhitaji kueleza sana.

Sitaki nionekane natetea kila kilichoandikwa. Kuna hatari katika hadithi hizi, nami nitataja mbili ninazozihisi mwenyewe nikisoma. Katama Mkangi, Mkenya aliyewekwa kizuizini na serikali yake katika miaka ya 1980, aliandika Walenisi, iliyotoka 1995. Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, anarushwa angani kwa chombo na kutua katika sayari ambako watu wameushinda ubinafsi. Jina la sayari ukilikata linasema: wale ni sisi. Nilikipenda kitabu hicho, na nilipokimaliza nilikaa siku mbili nikiwachukia washarika wangu. Vikao vya kamati ya ujenzi vilikuwa vya taabu kweli kweli kwa mtu aliyetoka Walenisi. Dunia iliyobuniwa vizuri inaweza kukufanya usiipende hii ambayo Kristo aliifia. Kama Mlutheri siamini kwamba binadamu atafika mahali asipohitaji kuungama, awe duniani au kwenye nyota. Lakini jina lile la kitabu silisahau: wale ni sisi.

Hatari ya pili ni kutaka ishara. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001, mtu mkubwa anayeitwa K, aliyewasahau watu wake, anatembelewa na babu yake aliyekwisha kufa. Babu anamsumbua, anamwonyesha. Nikisoma najikuta nasema, laiti babu zetu wangefufuka wakawasema viongozi wetu! Kisha nakumbuka jibu la Abrahamu kwa yule tajiri: ndugu zako wana Musa na manabii, wasipowasikia hao, hawatashawishika hata mtu akifufuka. Said Ahmed Mohamed sidhani kama aliandika akiwa na Luka mkononi. Ila vitabu hivi viwili katika kichwa changu vinabishana, na mabishano yenyewe yana faida. Nagona ya Kezilahabi, ya 1990, nimeisoma mara mbili na bado nimepotea humo. Hiyo simpi mtoto wa kipaimara, si kwa kuwa ina dhambi, bali ataniuliza maana yake.

Kama kuna kabati la kufungwa, ningeanza na lingine. Ziko shuhuda zinazouzwa stendi na kusambazwa kwenye simu, za watu wanaosema walikwenda kuzimu, wakakaa chini ya bahari wakiwa mawakala wa shetani, wakaona maduka na magari na orodha ya wachungaji watakaoanguka. Zinapigwa mbele ya watoto katika nyumba za washarika wetu, na mzee wangu mwenyewe ameshasikiliza mbili. Ukizilinganisha na riwaya, zina kila kitu cha riwaya isipokuwa uungwana wa kukiri. Anayesimulia anaapa kwa jina la Yesu kwamba ni kweli. Mara nyingi mwisho wake ni kwamba jirani yako, mama mkwe wako, mfanyabiashara fulani wa mjini, ni mmoja wao. Shaaban Robert alipoweka nchi ya Kusadikika angani, mwaka 1951, alitupa jina la nchi ambalo lenyewe linacheka: ni ya kusadikika tu. Karama anashitakiwa humo kwa kutaka watu wajifunze uanasheria, na wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini wanarudi na mambo mema na kutupwa gerezani. Kila mtu katika Tanganyika ya mkoloni aliweza kusoma na kujua ni nchi gani. Alibuni ili aseme kweli. Hawa wa kuzimu wanaapa kwamba ni kweli ili wabuni.

Nilimweleza mzee haya yote, kwa maneno machache kuliko ya hapa, tukiwa tumekaa chini ya mwembe wa kanisa. Alisikiliza. Hakukubali yote, kuhusu jini bado anasema ningetafuta kitabu kingine. Lakini alikuwa amekwenda nacho nyumbani, na mjukuu wake alikuwa amemsomea kwa sauti jioni tatu, kwa kuwa macho yake hayaoni maandishi madogo.

“Kitu kimoja sikukielewa,” akasema. “Adili aliwaombea wasiuawe. Vizuri. Kwa nini hakuwaombea wafunguliwe? Mpaka aje mtu wa nje aandike barua?”

Nikamwambia nadhani mwenye mjeledi mkononi hawezi kuiandika barua hiyo. Hana mkono wa kushika kalamu. Mzee akanyamaza, akauliza kama barua ile iliandikwa kwa ombi la Adili au kwa huruma ya mfalme mwenyewe. Tukafungua kitabu kutafuta, na hapo ndipo tulipogundua kwamba kurasa nne zimechomoka. Nimeagiza nakala nyingine kutoka Mtwara. Atakayeihitaji aje ofisini baada ya ibada ya pili, ila mbele yake wako watu watatu, na wa kwanza ni mzee.